Ulimi Uliosomea Kamachumu

Mhudumu wa baa mjini Bukoba akikuletea mvinyo, swali lake huwa moja: mtamu au mkavu? Wengi wetu hujibu "mtamu" kabla hajamaliza kuuliza, na kwenye harusi za Kashai na Hamugembe katoni za mvinyo mtamu ndizo zinazoisha kwanza. Sina ugomvi na utamu. Tumelelewa kwa chai ya sukari nyingi na soda za sikukuu, na ulimi hukimbilia ulichozoea. Ila utamu unafunika mengi. Mvinyo uliopigwa na jua dukani, uliofunguliwa tangu juzi, uliotoka kwenye zabibu ambazo hazikuiva vizuri, wote unaweza kupita chini ya sukari bila mtu kushtuka. Mkavu hauna pa kujificha, na ndiyo maana anayeanza huuona mkali hata pale ambapo hauna kosa lolote.

Nilipoonja kwa mara ya kwanza mvinyo mwekundu mkavu wa Dodoma, kwenye ukumbi ulio karibu na ufukwe wa ziwa, wenzangu mezani walikunja nyuso. Mmoja wao, mwalimu wa sekondari aliyehamia kutoka Mwanza, alisema hiyo ni dawa ya minyoo. Mimi nilinyamaza, na si kwamba niliupenda. Kile kitu kilichokamata ulimi na fizi kikavikausha nilikuwa nakifahamu. Nilikutana nacho kibanjani, shamba la migomba la nyumbani, nikiwa mtoto. Ni ukakasi wa embiire mbichi, zile ndizi za pombe ambazo mtoto yeyote wa Muleba amewahi kuziuma kwa ubishi, akatema.

Tangu siku ile nimekuwa na msimamo ambao marafiki zangu wanauita majivuno ya Kihaya: mtu aliyekulia jirani na mtumbwi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, haanzi mvinyo akiwa mbumbumbu. Ameshafundishwa, tena na walimu wakali.

Mwalimu wangu alikuwa mjomba, kaka wa mama, pale Kamachumu. Anayetoka Bukoba hupita Kemondo, akafika Muhutwe, kisha anaiacha barabara kuu na kupanda kwenye uwanda wa juu ambako upepo wa ziwa hauishi na jioni unahitaji sweta. Likizo za shule nilipelekwa huko ili, kwa maneno ya baba, nisiwe mtoto wa lami. Kazi zangu zilikuwa kuchota maji, kukata nyasi kwenye rweya, yaani mbuga ya nyasi, na kusimama pembeni wakati wa kukamua, nikitumwa hiki na kile. Kukamua ni kazi ya wanaume na haina haraka.

Kwa asiyejua, rubisi huanza siku nyingi kabla ya kunywewa. Mikungu ya embiire hukatwa ikiwa imekomaa lakini bado kijani. Mjomba alikuwa na njia mbili. Mikungu michache ilipandishwa kwenye dari la fito juu ya jiko, ikaiva taratibu kwa joto na moshi. Mikungu mingi iliingia shimoni: shimo lilipashwa moto kwanza kwa kuchoma majani makavu ya mgomba, likatandikwa majani mabichi, ndizi zikapangwa, zikafunikwa kwa majani na udongo, zikaachwa kama wiki hivi. Zikitoka hapo ukakasi umeondoka na sukari imejaa. Ndizi ile ile iliyokuwa inakausha mdomo sasa inanata vidoleni.

Kisha zinamenywa na kumwagwa kwenye mtumbwi, gogo refu lililochongwa mfano wa mtumbwi wa wavuvi, pamoja na nyasi za rweya. Wanaume waliokwisha kunawa miguu huingia na kukanyaga. Nyasi ndizo zinazofanya kazi ambayo wageni hawaitegemei: zinashika nyama ya ndizi na kuachia maji. Bila nyasi unapata uji. Juisi ya kwanza inayotoka, kabla ya kuongezewa maji na kuchujwa, ndiyo omuramba halisi, nzito, tamu, rangi ya asali changa. Watoto na walokole hunywa hapo, na wakubwa husubiri.

Pombe inakuja na mtama. Mtama mwekundu hukaangwa kidogo, husagwa, humwagwa kwenye juisi, na mtumbwi hufunikwa kwa majani ya mgomba. Chachu haiongezwi na mtu. Inaishi kwenye mbao za mtumbwi, kwenye mtama, kwenye hewa ya banda lile. Usiku unasikia mtumbwi unachemka bila moto. Kesho yake rubisi iko tayari. Mtama hauleti chachu peke yake. Unaleta rangi, harufu ya kukaanga, na unarudisha ukakasi kidogo, ule ule ambao kuivisha kuliuondoa. Miaka mingi baadaye niliposoma kwamba ukakasi wa mvinyo mwekundu unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kwamba mtengenezaji huamua maganda yakae ndani ya juisi siku ngapi, nilimkumbuka mjomba akipima mtama kwa kiganja, anamwaga, anasita, anaongeza nusu kiganja.

Pombe ikitoka, mwenyewe huonja kwanza mbele ya watu. Ni adabu, na zamani ilikuwa pia hakikisho kwamba hakuna kilichotiwa humo. Kisha kibuyu kinazunguka kwa wazee. Nilipofikia umri wa kuruhusiwa, mjomba aliniita mbele ya jirani zake na kunipa kibuyu kidogo.

"Onja, mpwa wangu."

Nikaonja. Nikasema, kwa heshima ya Kihaya, ni nzuri, waitu.

"Sikukuuliza kama ni nzuri. Nakuuliza ni ya lini."

Wazee wakacheka, lakini swali lilikuwa la kweli na kila mmoja wao angeweza kulijibu. Rubisi haisimami. Asubuhi ya kwanza bado ina utamu wa omuramba na povu linalouma ncha ya ulimi. Jioni yake utamu umepungua, pombe imepanda, ukali na ukakasi vimekaa sawa. Saa hizo ndizo wazee wanazozisubiri. Siku ya pili uchachu unaanza kuongoza. Siku ya tatu harufu yake inakufikia kabla ya kibuyu, na atakayeisifia ni yule asiyetaka kumwaga mali. Mjomba alinifundisha kutafuta vitu hivyo mahali pake: utamu mbele, uchachu kwenye pande za ulimi hadi mate yatoke, ukakasi kwenye fizi, pombe kooni kama joto. Wanasayansi wanatuambia ulimi haukugawanywa mitaa namna hiyo, kila sehemu inaonja kila kitu. Sawa. Lakini mafunzo yale yalinilazimisha kutulia na kinywaji mdomoni badala ya kukimeza na kusema asante.

Alidai pia kwamba anaweza kujua rubisi ya Kamachumu na ya kandokando ya ziwa kwa kuonja tu. Hilo sikuwahi kumpima. Nadhani nusu yake ilikuwa ujuzi na nusu majigambo, kiwango ambacho kwetu kinavumilika.

Mtaalamu wa kweli wa nyumba ile hata hivyo hakuwa yeye. Alikuwa mke wake. Mama huyu alikuwa mlokole wa Kilutheri, wa ule uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Uganda ukaingia Bukoba miaka ya 1930 na 1940, na pombe hakuigusa maisha yake yote. Lakini omuramba haukutiwa mtama mpaka yeye aonje. Alichovya kidole, akakaa kimya, akasema: shimo lilipoa, ndizi za chini hazikuiva. Au: mmetia maji mapema. Mjomba alinung'unika na kutii. Watu wanaoniambia kwamba kujifunza mvinyo ni kisingizio cha kulewa huwa nawasimulia habari za mama yule, aliyejua kinywaji kuliko wanywaji wote wa kijiji na akafa hajawahi kuyumba. Wataalamu wa kuonja mvinyo wenyewe hutema. Waonjaji wa kahawa yetu pia: wanavuta kijiko kwa kelele, wanazungusha mdomoni, wanatema kwenye ndoo, wanaandika alama.

Mlokole aliweza kukaa bila pombe; kwa mapadri wa Kikatoliki mambo yalikuwa mengine. Wajerumani walijenga boma Bukoba mwaka 1890, na mwaka 1892 Mapadri Weupe wakafungua misheni ya Kashozi. Ibada yao haikuwezekana bila divai, na sheria ya Kanisa hadi leo inataka divai hiyo itokane na tunda la mzabibu, ya asili, isiyoharibika. Katika nchi iliyojaa ndizi na watu waliokuwa wanatengeneza kinywaji cha kila posa, msiba na sadaka ya mababu, altare ikalazimika kuagiza kutoka mbali. Mwanaanthropolojia Robert Carlson, aliyeishi Bukoba na kuchapisha makala kuhusu pombe ya ndizi mwaka 1990, ameeleza jinsi rubisi ilivyounganisha walio hai na mizimu, mgeni na mwenyeji, raia na Mukama, yaani mfalme. Kitu chenye uzito huo hakikuweza kuingia kanisani, na nadhani hapo ndipo tulipoanza kuamini kwamba kinywaji cha zabibu ni cha heshima na cha ndizi ni cha kienyeji. Imani hiyo bado ipo. Utaiona kwenye harusi: chupa ya mvinyo mezani kwa maharusi, ina utepe, rubisi nyuma ya nyumba, kwenye madumu ya njano. Lakini jaribu kumaliza posa kule Ihangiro, Muleba, bila yale madumu uone kama wazee wataketi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusipande zabibu wenyewe. Mvua. Kandokando ya ziwa hapa Bukoba hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Dodoma hupata chini ya 600, zote zikiangukia ndani ya miezi michache. Mgomba unataka unyevu wa kudumu, mzabibu ukipata unyevu huo majani yanashikwa na ukungu na matunda yanaoza kabla ya kuiva. Kule Dodoma jua ni kali, udongo ni wa kichanga, na mkulima akikatia matawi kwa mpangilio anavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ulaya, mwenye miezi ya baridi kali, haliwezi. Huko nako mbegu ilipitia misheni: mapadri wa Bihawana walipanda zabibu za divai, kisha kituo cha utafiti cha Makutupora kikaendeleza, na zabibu nyekundu yenye jina la Makutupora ndiyo iliyoenea kwa wakulima wadogo hadi leo. Hombolo zimepandwa aina za Ulaya pia, kama Syrah na Chenin Blanc.

Nilipoanza kujifunza mvinyo kwa makusudi, tulikuwa kikundi kidogo cha watu wa Bukoba mjini tuliochanga chupa: muuguzi, fundi wa umeme, yule mwalimu wa Mwanza ambaye ubishi ulimrudisha, na mimi. Kanuni niliyoleta ilikuwa ya mjomba. Hakuna ruhusa ya kusema "nzuri" wala "mbaya" mpaka umetaja ulichokiona. Tukaanza na chupa mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu kinywaji kimoja peke yake hakina cha kulinganishwa nacho. Mweupe mkavu na mwekundu mkavu. Mtamu na mkavu. Chupa mpya, na nyingine iliyokaa wazi tangu juma lililopita.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyowafundisha wenzangu haraka zaidi. Mvinyo uliokaa wazi siku nyingi unaelekea kwenye siki, njia ile ile ya rubisi ya siku ya tatu, na kwa sababu ile ile: hewa na vijidudu vinageuza pombe kuwa asidi. Fundi umeme alinusa na kusema, "Hii ni ya juzi." Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Tofauti ni kwamba chupa iliyofungwa vizuri husimamisha saa, au huipunguza mwendo. Rubisi inakupa siku moja ya ubora wake na ukichelewa umekosa. Mvinyo unakungoja, na pengine kungoja huko ndiko kulikoufanya uweze kusafiri, kuuzwa, kuandikwa vitabu na kupandishwa bei.

Ukakasi ulichukua muda. Muuguzi aliuchukia, na alikuwa na haki: mwekundu mkavu peke yake, tumboni hamna kitu, saa kumi jioni, ni adhabu. Jibu lilikuwa chakula. Tuliagiza mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta, tukaonja tena, na ule mkavu ukalainika mdomoni huku nyama ikionekana tamu zaidi. Ukakasi hushikana na mate na mafuta na protini ya nyama, hivyo fizi zinapona. Tukajaribu na sato wa kukaanga, ikawa mbaya, kila mmoja akapata ladha ya chuma mdomoni. Kwa samaki tukarudi kwenye mweupe mkavu, ambao uchachu wake ulifanya kazi ya ndimu. Na msimu wa senene ulipofika, mwezi wa Novemba, wakati watoto wa mji wanakesha chini ya taa za barabarani, tuligundua jambo ambalo sidhani limo kwenye kitabu chochote cha Wafaransa: senene waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe, chumvi kidogo na kitunguu, pamoja na mweupe mkavu uliopoa, ni chakula cha kumfanya mtu ahamie Bukoba.

Matoke na maharage hatujapata kinachoyafaa. Naona omuramba unatosha.

Jambo jingine ambalo mji wetu unatusaidia bila kujua ni baridi. Wastani wa joto hapa ni nyuzi 21 hivi. Mwekundu ukiwekwa kabatini Bukoba unakaribia kiwango kinachopendekezwa. Dar es Salaam, chumbani mwenye nyuzi 30, mvinyo ule ule unatoa harufu ya spiriti na mtu anadhani ameuziwa mbaya. Ndugu zangu wa Dar nawaambia waweke mwekundu kwenye friji nusu saa kabla, wananicheka, wanaweka, hawacheki tena. Glasi ijazwe theluthi tu ili harufu ipate nafasi ya kukaa. Hilo la glasi liliwasumbua wenzangu, kwa kuwa kwetu kumpa mgeni chombo kisichojaa ni kumwonyesha uchoyo. Tulikubaliana kujaza kidogo na kujaza mara nyingi, na pesa ya teksi ilichangwa kabla ya chupa kufunguliwa.

Nilimpelekea mjomba chupa alipokuwa ameshazeeka. Kibanja chake hakikuwa kile nilichokijua. Ule mnyauko wa bakteria wa migomba uliogunduliwa Uganda mwaka 2001 ulituvukia miaka michache baadaye, na ndizi za pombe ziliumia sana. Wadudu wanaofuata ua dume la mgomba hubeba ugonjwa, kisu kisichosafishwa nacho hubeba, na shina likishikwa ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zinaoza. Dawa haipo. Mtu anang'oa na kufukia, anavunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, anapitisha panga kwenye moto kila anapohama shina. Mjomba aling'oa upande mzima wa embiire uliopandwa na baba yake. Mahali pake alipanda FHIA, aina zilizotoka Honduras ambazo mradi uliofadhiliwa na Ubelgiji ulisambaza miche yake Kagera kati ya mwaka 1997 na 2002, zenye mikungu ambayo mtu mmoja anaibeba kwa shida.

FHIA inatoa juisi nyingi, na kuhusu ladha yake wazee wa Kamachumu hawajaelewana. Mjomba aliishutumu kwamba ni maji yenye sukari, haina uti wa mgongo, na akawa anaongeza mtama kufidia. Mimi nilionja ile rubisi, nikaona mtama umezidi na ukakasi uko peke yake bila kitu cha kuushika. Nilimwambia hivyo, kwa adabu. Hakukataa. Alisema labda achanganye na ndizi za kisubi kidogo, zilizobaki upande wa makaburi.

Kisha tukafungua chupa. Jirani zake wawili walikuwepo, na mlokole mmoja aliyekaa kutazama. Mjomba alimimina kwenye kikombe cha bati, akanusa muda mrefu, akaonja, akafunga macho. Nilimwambia ni ya zabibu za Dodoma, nchi kavu, jua, udongo wa kichanga. Alisema mtama umetiwa mwingi. Nikamweleza hakuna mtama, ni maganda. Akaonja tena na kusema basi maganda yalikaa sana, angeyatoa siku mbili kabla, na wale jirani, ambao hawajawahi kuona mzabibu, wakamuunga mkono kwa sauti. Mmoja alitaka kujua kama zabibu hukanyagwa kwa nyasi. Nilipojibu hapana, alishangaa zinachujwaje, na maelezo yangu kuhusu mashine hayakumridhisha.

Hawakuimaliza chupa. Mjomba aliifunga kwa kipande cha jani la mgomba, akasema ataiangalia kesho na keshokutwa aone inakwendaje. Mimi aliniagiza nikija tena nilete ule mweupe niliousifia, pamoja na senene, na mvinyo niutie kwenye chupa ya soda, kwa sababu mtaani pale jicho la Kanisa halilali.